Umri wa Pikipiki Hupimwa kwa Vumbi

Jina la Nakuru, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, latokana na Kimaasai na maana yake ni mahali pa vumbi. Anayefikiria kununua pikipiki aina ya supamoto na kukaa nayo miaka kumi katika eneo la kati la Bonde la Ufa angefanya vyema kuanzia kwenye jina hilo, kabla hajauliza nguvu za injini wala bei. Supamoto ni pikipiki ya matopeni iliyobadilishwa viatu. Mwili ni ule ule mwembamba na mwepesi, injini aghalabu ni ya silinda moja, shokabsoba ni ndefu na usukani ni mpana. Lakini magurudumu ni ya inchi 17 yenye matairi ya lami, na mbele pana diski kubwa ya breki. Wapo wanaoiona kama kifaa cha mashindano kilichopotea njia kikafika Afrika Mashariki. Hoja yangu ni kinyume: barabara za ndani za Nakuru na majirani zake zinaifaa pikipiki hii, nayo inaweza kuzeeka vizuri huku, kwa sharti moja. Mmiliki aache kuuhesabu umri wake kwa kilomita kama kitabu cha kiwanda kinavyoelekeza, auhesabu kwa vumbi. Akishalikubali hilo, maswali mengine kuhusu aina ya kununua, magurudumu na fundi wa kumwendea yatajipanga nyuma yake.

Asili ya supamoto inaeleza mengi kuhusu tabia yake. Mwaka 1979, katika uwanja wa Carlsbad huko California, mwandalizi wa mashindano Gavin Trippe aliwakutanisha waendeshaji wa michezo mbalimbali ya pikipiki katika njia moja iliyochanganya lami na udongo, ili ijulikane nani hodari kuliko wote. Mashindano hayo yalirushwa na televisheni ya ABC hadi katikati ya miaka ya themanini. Yalipokoma Marekani, mchezo ulikuwa umeshika mizizi Ulaya, hasa Ufaransa. Kwa hiyo mashine hii ilizaliwa kwa ajili ya njia isiyo ya namna moja, ila ilizaliwa kwa mbio za dakika chache, na fundi akisubiri kando. Kutokana na mzizi huo zimechipuka koo mbili ambazo mnunuzi hapaswi kuzichanganya. Ukoo wa kwanza ni wa mashindano: injini kama za KTM 450 SMR, ambazo kubadilisha oili na hata pistoni huhesabiwa kwa saa za kukimbia. Ukoo wa pili ni wa barabarani, ambao hutumia mwili ule ule kwa injini tulivu zaidi: Suzuki DR-Z400SM iliyotoka mwaka 2005, Yamaha WR250X, Kawasaki D-Tracker, na kwa wenye uwezo mkubwa, KTM 690 SMC R. Zote huitwa supamoto, lakini kwa anayetaka kumiliki kwa muda mrefu, ukoo wa kwanza umejiondoa wenyewe. Pikipiki inayodai kufunguliwa injini baada ya safari chache haiwezi kuwa ya mtu wa Njoro anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa.

Sasa tuzitazame barabara zenyewe. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret kupitia Naivasha, Gilgil na Nakuru ni mshipa wa malori ya kwenda Uganda na nchi za ndani. Salgaa na Sachangwan ni majina yanayotajwa kwa huzuni. Januari 2009 watu zaidi ya 100 waliangamia Sachangwan lori la mafuta lilipolipuka baada ya kuanguka. Kwa mwendeshaji wa pikipiki, njia hiyo haina raha wala usalama. Raha iko pembeni: kupanda kutoka Njoro hadi Mau Narok katikati ya mashamba ya ngano na viazi, kona za Subukia kuelekea Nyahururu, njia za Elburgon na Molo, na ile barabara inayotoka Kabarnet, ikateremka Bonde la Kerio na kupanda tena kupitia Tambach hadi Iten, ambayo kwa wingi wa kona zake ina wenzake wachache Kenya. Sifa ya njia hizi ni kuchanganyika. Lami nzuri inafuatwa na lami iliyomeguka kingo, kisha changarawe, kisha daraja lenye matope, kisha lami tena. Sera ya serikali ya kuweka lami nyembamba kwenye barabara za mashambani zenye magari machache imeongeza mchanganyiko huo, kwa kuwa lami ya aina hiyo huchakaa upesi lori la viazi likipita baada ya mvua. Pikipiki kubwa ya lami huteseka hapa, na pikipiki ya matopeni yenye matairi ya meno makubwa huteleza na kutetemeka mahali ambapo njia nyingi bado ni lami. Mchanganyiko uliobuniwa Carlsbad kwa makusudi, hapa umetokea kwa hali ya maisha.

Lakini baina ya kipande kimoja cha lami na kingine pana vumbi, na vumbi la Bonde la Ufa si la kawaida. Menengai, Longonot, Suswa na Eburru ni volkano. Majivu na mawe mepesi yaliyotapikwa nazo ndiyo yaliyosagika kuwa udongo wa eneo kubwa kutoka Naivasha hadi Rongai, na pale Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa madini meupe laini kama unga. Wanaofuatilia Safari Rally, iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kufanya Naivasha kuwa kitovu chake, wamekwisha kuona jinsi udongo laini unavyomeza magari yaliyojengwa na wahandisi bora duniani. Chembe zake ni ndogo na zina makali kama vioo vilivyosagwa. Hebu tufanye hesabu rahisi. Injini ya viharusi vinne yenye ujazo wa 400cc, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, huvuta hewa mara 2,500. Ikijaa kikamilifu, hiyo ni takriban lita 1,000 za hewa kwa dakika. Kwa vitendo huvuta pungufu, kwa sababu mkono haufungui gesi yote. Hata hivyo uwiano unabaki: injini ya 100cc ya bodaboda, kwa mzunguko huo huo, huvuta robo yake. Kwa hiyo supamoto ya 400cc inayofuata nyuma ya lori kutoka Solai ina mzigo wa vumbi mara nne ya ule wa jirani yake mwenye bodaboda, na kinachosimama kati ya mzigo huo na silinda ni kipande cha sponji kilichopakwa mafuta.

Hapo ndipo hesabu ya kilomita inapovunjika. Kitabu cha huduma huandikwa kwa kuzingatia barabara safi, na kilomita 1,000 za lami za kwenda na kurudi kati ya Nakuru na Nyahururu si sawa na kilomita 1,000 za changarawe ya kiangazi, Januari na Februari, kati ya Mogotio na mashamba ya katani. Chujio la hewa likishiba, vumbi hupenya kidogo kidogo, huchanganyika na oili na kuwa dawa ya kusugulia chuma. Ringi za pistoni huliwa, silinda hupanuka, injini huanza kunywa oili, na mmiliki huambiwa kwamba pikipiki za aina hiyo hazidumu. Kumbe kilichokufa ni sponji ambayo ingefuliwa, ikakaushwa na kupakwa mafuta mapya jioni moja. Kwa safari za vumbi zito, kanuni ya busara ni kufungua kasha la chujio baada ya kila safari, kupitisha kidole ndani ya mdomo wa kuelekea injini, na kubadilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema. Vumbi hilo hilo hukaa kwenye cheni na kuila pamoja na sproketi, hukwaruza sili za shokabsoba za mbele, na hujipenyeza kwenye beringi za mkono wa nyuma na viungo vyake. Sehemu hizi za mwisho huumia zaidi pale mtu anapoosha pikipiki kwa mashine ya shinikizo, maana maji husukuma uchafu ndani na kufukuza grisi. Ndoo, kitambaa na subira huongeza miaka ambayo mashine ya kuoshea magari huipunguza.

Jambo la pili linalotofautisha eneo hili ni mwinuko. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka kuelekea Marigat na Ziwa Baringo unakaribia mita 1,000, na ukipanda hadi kilele cha reli pale Timboroa unafika karibu mita 2,780. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Supamoto inayotangazwa kuwa na nguvu farasi 40 hivi, Nakuru ina kama 32, na Timboroa haifiki 30. Wapo wanaotumia hesabu hii kudai kwamba ni lazima kununua injini kubwa. Mimi naisoma vingine: kona za Subukia na Tambach hazihitaji nguvu hizo zote, na pikipiki ya kilo 146 au chini ya hapo haina mzigo mkubwa wa kuvuta. Tatizo halisi la mwinuko liko kwenye mchanganyiko wa petroli na hewa. Kabureta iliyosawazishwa kiwandani kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi kupita kiasi ikifika Molo. Plagi hujaa masizi, na petroli isiyoungua huosha mafuta kwenye kuta za silinda. Mfumo wa kunyunyizia petroli kwa kompyuta hujirekebisha wenyewe. Ungekuwa chaguo la moja kwa moja, isipokuwa huchukia petroli chafu, na Kenya imekuwa na historia ndefu ya petroli kuchanganywa na mafuta taa, kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuikomesha. Mwenye kabureta na abadilishe jeti zake ziwiane na Nakuru, kisha aiache. Mwenye mfumo wa kompyuta asijaze tangi kwa petroli ya chupa ya kando ya barabara ila pale ambapo hana budi. Na yeyote kati yao asisahau umbali: tangi la DR-Z400SM, ambayo ni ya kabureta, ni la lita 10 tu, ilhali Kabarnet iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Nakuru.

Pingamizi linalorudiwa sana linahusu magurudumu. Husemwa kwamba gurudumu la inchi 17 halifai kwenye mashimo, na kwamba anayetaka changarawe achukue la inchi 21. Tupime. Gurudumu la mbele la supamoto, pamoja na tairi lake la 120/70, lina kipenyo cha sentimita 60 hivi. La pikipiki ya matopeni lina kama 69. Katika shimo lenye urefu wa sentimita 30, la kwanza litazama takriban sentimita 4, la pili takriban 3.4. Tofauti ipo, ila haiwezi kuamua kila kitu, hasa kwa pikipiki ambayo shokabsoba yake ya mbele husafiri karibu sentimita 26, takriban mara mbili ya ile ya bodaboda aina ya Boxer. Na Boxer yenyewe, iliyobeba abiria, magunia na wagonjwa katika kila kijiji cha kaunti hii, hukimbia kwa magurudumu ya inchi 17. Ushahidi mkubwa kuliko wote umekuwa ukipita mbele ya macho yetu kila siku. Palipo na ukweli kwenye pingamizi ni katika upana na ulaini wa tairi. Tairi pana la lami huelea juu ya changarawe nyepesi badala ya kuuma, na kwenye udongo mweusi wa Laikipia wakati wa masika halina la kufanya. Hujaa tope likawa duara laini. Dawa ni mbili. Kwanza, kuchagua matairi ya inchi 17 yenye meno ya kiasi, ambayo hupoteza kidogo kwenye lami na kupata mengi kwenye vumbi, na hudumu kuliko matairi laini ya mashindano. Pili, kukubali kwamba kuna miezi na kuna njia ambazo supamoto hubaki nyumbani. Wazo la kuwa na jozi ya pili ya magurudumu ya matopeni ni zuri, ila lina gharama zake: hubu, spesa na diski lazima vilingane, na pikipiki hubadilika kimo na tabia ya kukata kona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: spea. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na tangu hapo uchumi mzima wa bodaboda umeota kuzunguka injini za 100cc hadi 150cc. Nakuru ina hata kiwanda cha kuunganisha pikipiki za TVS. Fundi wa Rongai anaweza kufungua Boxer akiwa amefumba macho, na kila duka la spea lina klachi yake. Supamoto ya Kijapani au ya Austria haimo katika uchumi huo. Klachi, gasketi, pedi za breki na cheni ya taiming lazima ziagizwe. Ni kweli, na anayelipuuza jambo hili atabaki na pikipiki iliyofunikwa turubai. Lakini utegemezi huo una mipaka. Beringi za magurudumu hubeba namba za kimataifa, na duka la beringi mjini litakupa inayolingana bila kujali jina la pikipiki. Sili nyingi za mafuta hupatikana kwa vipimo. Balbu, plagi, oili, grisi na betri si siri ya kiwanda chochote. DR-Z400SM na nyingi za ukoo wake hutumia rimu za spoku na tyubu, jambo ambalo Ulaya huonekana kuwa la kizamani. Huku ni neema, kwani hakuna senta ya soko isiyokuwa na mtu wa kuziba pancha. Kinachobaki ni orodha fupi inayoweza kukaa katika sanduku moja: chujio la ziada, pedi, klachi, gasketi za juu, kebo, na kwa DR-Z, kikazio cha cheni ya taiming, udhaifu wake unaojulikana duniani kote. Mwenye sanduku hilo hangoji meli. Meli imekwisha kumfikia.

Hii ndiyo sababu ningependelea pikipiki iliyozalishwa kwa miaka mingi bila kubadilishwa sana kuliko ile mpya yenye sifa nyingi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wanunuzi wengi wa supamoto huugua kidonda hicho. Injini ya DR-Z400 ilikaa sokoni kuanzia mwaka 2000 hadi iliporithiwa na DR-Z4SM iliyotangazwa Novemba 2024, na karibu robo karne ya uzalishaji ina maana kwamba kasoro zake zote zimeandikwa, dawa zake zinajulikana na spea zake zimejaa duniani. Vali zake hukaguliwa kila baada ya takriban kilomita 24,000. Hata ukiipunguza namba hiyo kwa nusu kwa heshima ya vumbi letu, bado ni kazi ya mara moja katika mwaka au miwili kwa anayeendesha wikendi. Kwa bajeti ndogo, za 250cc zinatosha, na pengine zinafaa zaidi kwa sababu huvuta hewa kidogo na hivyo vumbi kidogo.

Msomaji mwenye busara atauliza: kwa nini basi asinunue bodaboda tu, akaokoa fedha na usumbufu? Kama lengo ni kufika, sina jibu. Bodaboda itamfikisha, na fundi yuko kila kona. Lakini bodaboda nyingi zina breki za dramu na shokabsoba zilizoundwa kubeba uzito kwa mwendo wa kadiri. Kuteremka Tambach kwa breki hizo ni kuomba huruma ya mteremko. Supamoto humpa mwendeshaji breki inayosimamisha kweli, shokabsoba inayoshika barabara iliyomeguka, na mwili mwepesi unaoweza kukwepa mbuzi aliyerukia barabarani. Najua pia sifa mbaya inayoifuata: kuinua gurudumu la mbele, kelele za ekzosi na mwendo wa kutisha karibu na shule. Sifa hiyo haitokani na chuma. Barabara za ndani ni ua wa nyumba za watu, watoto hutembea humo asubuhi na ng'ombe hurudi humo jioni. Kofia ngumu na jaketi la kumulika ni matakwa ya sheria ya Kenya, na heshima kwa kijiji ni matakwa ya utu. Ipo pia hoja ya muda mrefu: anayeendesha kama yuko Carlsbad hatamiliki pikipiki yake miaka kumi, kwa kuwa ama itaisha yeye akiwapo, au ataisha yeye ikiwapo.

Umiliki mrefu wa supamoto Nakuru basi unasimama juu ya nidhamu ndogo ndogo zinazotegemeana: injini tulivu ya ukoo wa barabarani, matairi ya meno ya kiasi, jeti zinazolingana na mwinuko, sanduku la spea, na daftari. Daftari hilo ndilo ningelisisitiza kuliko vyote. Upande mmoja ziandikwe kilomita, upande wa pili iandikwe njia iliyopitwa na hali yake: lami, vumbi jepesi, vumbi zito, matope. Baada ya mwaka mmoja kurasa zake zitakuwa zimeandika upya kitabu cha huduma, safari hii kwa lugha ya Bonde la Ufa. Fundi atakayeipokea pikipiki hiyo, hata kama hajawahi kuona aina yake, ataweza kusoma ilikopita na kujua pa kuanzia. Na mnunuzi wa baadaye, akifungua kasha la chujio na kupitisha kidole chake ndani, kidole kitatoka safi.